Somo la Wanachama: Kuzipa Picha Majina na Kuzipanga katika Kompyuta ya Tawi



Siku hizi kupiga picha si kazi ya fundi wa studio peke yake. Mchumaji chai ana simu mfukoni, na mwendesha mashine kiwandani vivyo hivyo. Kinga ya mashine ikiondolewa, picha hupigwa. Mizani ya majani mabichi ikionyesha uzito usio wa kweli, picha hupigwa. Mwenzetu akiumia mkono, picha hupigwa. Hili ni jambo jema, na matawi yanayofanya hivyo yanastahili pongezi.

Lakini ile siku ya kukaa mezani na mwajiri, au kusimama mbele ya Afisa Kazi, picha inatakiwa na haionekani. Pengine imo katika simu ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Pengine imo katika kompyuta ya tawi, lakini imefukiwa kati ya picha elfu mbili ambazo kila moja ina namba tu. Pengine imeonekana, lakini hakuna awezaye kusema ilipigwa lini na mashine iliyomo ni ipi. Picha ya namna hiyo haimsaidii aliyeumia.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za tawi ni mali ya wanachama wote. Somo letu la leo linaeleza namna ya kuzipa majina, kuzipanga na kuzitunza, ili zipatikane siku ya haja. Somo hili halihitaji fundi wa kompyuta. Mtu yeyote ajuaye kusoma, kuandika na kufungua kompyuta anaweza kulifuata.

1. KWA NINI JINA NI SEHEMU YA USHAHIDI

Tuchukue mfano wa kutunga. Katibu wa tawi amekwenda kwa Afisa Kazi na picha ya mashine isiyo na kinga. Meneja naye yupo. Mazungumzo yanakwenda hivi:

AFISA KAZI: Ndugu Katibu, picha hii ilipigwa lini?

KATIBU: Mwezi wa sita, nadhani, mheshimiwa.

AFISA KAZI: Na hii ni mashine ya ngapi?

KATIBU: Ya tatu. Au ya nne. Zinafanana.

MENEJA: Mheshimiwa, mashine ya tatu tuliifunga kinga mpya mwezi wa tano. Hiyo ni picha ya zamani.

Tazameni vizuri. Meneja hakusema kwamba picha ni ya uongo. Hakuwa na haja ya kusema hivyo. Ilitosha kuonyesha kwamba tawi lenyewe halijui picha yake ni ya lini. Kama picha ile ingekuwa na jina lenye tarehe, mahali na namba ya mashine, na daftari lingekuwa na jina la aliyepiga, maneno ya meneja yasingekuwa na pa kushika.

Jambo hili si geni katika historia ya wafanyakazi. Mwaka 1908 kamati moja ya Marekani iliyopinga ajira ya watoto ilimwajiri mpiga picha aitwaye Lewis Hine. Alikwenda katika viwanda vya pamba na vya vioo, machimbo ya makaa ya mawe, na mashamba, akapiga picha za watoto waliokuwa kazini. Nguvu ya picha zake haikuwa katika sura za watoto peke yake. Pamoja na picha aliandika maelezo: mahali, tarehe, na mara nyingi jina la mtoto, umri wake na kazi aliyofanya. Wenye viwanda walipokana, maandishi yaliwajibu. Ilichukua miaka mingi ya kupigania jambo hilo, na sheria ya nchi nzima iliyosimama imara ilipatikana mwaka 1938. Picha zake zaidi ya 5,000 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na hadi leo mtu anaweza kutafuta picha moja na kujua ni ya wapi na ya lini. Mpiga picha alifariki mwaka 1940, lakini maandishi yake bado yanatoa ushahidi.

Sheria za nchi zetu nazo zinaangalia utunzaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kuupima inataka itazamwe namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na kama unaaminika. Sheria ya Uganda ya mwaka 2011 juu ya miamala hiyo inafuata njia iyo hiyo. Maana yake ni kwamba haitoshi tawi kuwa na picha. Tawi liweze kueleza picha imetoka kwa nani, imepita wapi na imewekwa wapi.

2. PICHA NDANI YA SIMU NA KOMPYUTA

Kila picha ya simu au kamera ni faili moja. Faili ni kama karatasi moja. Folda ni kama jalada la ofisini, ambalo ndani yake zinawekwa karatasi nyingi. Na folda inaweza kuwekwa ndani ya folda nyingine, kama majalada yanavyowekwa ndani ya kabati.

Kamera huipa kila picha jina mara inapopigwa, lakini kamera haijui mambo ya kazi yetu. Hutoa herufi chache na namba, kama IMG_0412 au DSC_0412. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999, kisha hurudia 0001. Simu nyingi nyingine huandika tarehe na saa katika jina, na hizo ni afadhali, lakini nazo hazisemi mahali wala jambo.

Hapa pana hatari ya kwanza. Simu mbili za wanachama wawili zinaweza kutoa picha zenye jina moja, IMG_0412. Mkiziweka katika folda moja, kompyuta itauliza kama mnataka ile mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Mtu mwenye haraka hukubali. Picha ya kwanza imekwisha kufutwa, na hakuna aliyejua.

Hatari ya pili ni tarehe. Ndani ya faili la picha mna maelezo ambayo hayaonekani katika picha yenyewe: siku na saa ya kupiga, aina ya kamera, na pengine mahali. Maelezo hayo ni ya thamani kubwa, lakini yanategemea saa ya simu. Simu ikiwa na saa isiyo sahihi, tarehe nayo itakosea. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha ya ushahidi, hakikisheni kwanza saa na tarehe ya simu. Tena msichanganye tarehe ya kupiga picha na tarehe ambayo kompyuta inaonyesha kwamba faili liliundwa. Mara nyingi hiyo ya pili ni siku mlipoliingiza faili katika kompyuta, wala si siku ya tukio.

Hatari ya tatu ni kutuma kwa WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na yale maelezo ya ndani huondolewa. Katika simu nyingi huja na jina kama IMG-20240612-WA0007, na tarehe iliyo katika jina hilo ni ya kutumwa au kupokewa. Picha iliyopigwa mwezi wa pili na kutumwa mwezi wa sita itasema mwezi wa sita. Kwa hiyo picha ya ushahidi ichukuliwe katika simu iliyoipiga, kwa waya au kwa kadi ya kumbukumbu. Kama hapana budi kutuma kwa WhatsApp kwa kuwa shamba liko mbali, itumwe kama hati, ile njia inayotumika kutuma barua na karatasi, na siyo kama picha. Hapo faili hufika zima. Na mpigaji asiifute katika simu yake mpaka katibu amjulishe kwamba imefika na imehifadhiwa.

3. NAMNA YA KUIPA PICHA JINA

Jina zuri linajibu maswali manne: lini, wapi, kitu gani, na ya ngapi. Mfano:

2024-06-12_kiwanda_mashine-3_kinga-haipo_01.jpg

Mtu ambaye hakuwapo siku hiyo, hata katibu atakayechaguliwa miaka mitano ijayo, akisoma jina hilo ataelewa. Sasa tueleze sehemu moja moja.

(a) Tarehe ianze, tena mwaka kwanza. Sisi tumezoea kuandika siku, mwezi, halafu mwaka. Katika barua hiyo ni sawa. Lakini kompyuta hupanga majina kwa kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mkianza na siku, itawapangia hivi:

03-11-2024
12-06-2024
21-02-2024
28-01-2023

Angalieni: picha ya mwaka 2023, ambayo ni ya zamani kupita zote, imekuwa ya mwisho. Mkianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mpangilio unakuwa wa kweli:

2023-01-28
2024-02-21
2024-06-12
2024-11-03

Hiyo ndiyo namna iliyokubaliwa pia katika kanuni za kimataifa za kuandika tarehe tangu mwaka 1988. Msiandike mwezi kwa jina lake, kwani kompyuta itaupanga kwa herufi: Agosti itakuwa ya kwanza, Aprili ya pili, Desemba ya tatu, na Januari itakuwa ya tano.

Kama siku haijulikani lakini mwezi unajulikana, andikeni 2024-06 basi. Msibuni siku. Tarehe moja ya kubuni ikigunduliwa, itatilia shaka picha zenu zote, hata zile za kweli.

(b) Mahali pafuate. Tawi likubaliane maneno machache ya mahali na kuyaandika katika karatasi itakayobandikwa karibu na kompyuta: kiwanda, bohari, shamba-A, shamba-B, makazi, zahanati, ofisi. Kila mtu atumie maneno hayo hayo. Mmoja akiandika "ghala", mwingine "bohari" na wa tatu "stoo", mtakapotafuta "bohari" kompyuta itawapa sehemu moja ya picha na kuziacha nyingine. Kompyuta haijui kwamba ghala na bohari ni kitu kimoja.

(c) Jambo liwe kwa maneno mawili au matatu. Andikeni kinachoonekana, wala si hasira yenu. "Kinga-haipo" ni jina zuri, kwa sababu kila anayetazama picha ataona kwamba kinga haipo. "Meneja-katili" si jina la picha. Jina la namna hiyo likisomwa mbele ya mpatanishi litawadhuru ninyi wenyewe.

(d) Namba iwe na tarakimu mbili: 01, 02, 03. Mkiandika 1, 2, 3 mpaka 12, baadhi ya programu zitaweka 10, 11 na 12 kabla ya 2.

(e) Kuna alama ambazo kompyuta za Windows hazikubali katika jina la faili, nazo ni hizi: / \ : * ? " < > na |. Ndiyo maana huwezi kuandika 12/06/2024. Tumieni kistari, na kati ya sehemu na sehemu tumieni mstari wa chini, kama katika mfano wetu. Jina lisiwe refu kupita kiasi.

(f) Msiuguse mkia wa jina, yaani .jpg au herufi nyingine zinazofuata nukta ya mwisho. Hizo ndizo zinazoiambia kompyuta kwamba faili ni picha.

Kubadili jina katika Windows, chagueni faili, bonyezeni kitufe cha F2, andikeni jina jipya, kisha bonyezeni Enter. Kubadili jina la nje hakubadili picha iliyo ndani, wala yale maelezo yake yaliyofichika. Ni kama kuandika juu ya bahasha bila kuifungua.

4. NAMNA YA KUPANGA FOLDA

Tengenezeni folda moja kubwa, iitwe PICHA ZA TAWI. Ndani yake wekeni folda ya kila mwaka. Ndani ya mwaka wekeni folda ya kila jambo. Mfano:

PICHA ZA TAWI
– 2023
– 2024
– – 2024-02_shamba-B_mizani
– – 2024-05-01_mei-mosi
– – 2024-06_kiwanda_kinga-ya-mashine
– – 2024-06_kesi-07

Ngazi tatu zinatosha. Tumeona kompyuta ambamo mtu hufungua folda ndani ya folda mara saba ndipo aifikie picha moja. Huko ni kuficha, si kupanga.

Picha za sherehe na mikutano zisichanganywe na picha za ushahidi. Picha za Mei Mosi ni historia ya tawi nazo zitunzwe, lakini zisikae pamoja na picha za mwenzetu aliyeungua kwa dawa ya kunyunyizia.

Ndani ya kila folda ya ushahidi wekeni folda mbili ndogo: ASILI na KAZI. Katika ASILI wekeni picha kama zilivyotoka katika simu, mkizipa majina tu. Hizo hazikatwi, haziongezwi mwanga, haziandikwi mishale. Mkitaka kukata sehemu au kuchora duara juu ya kinga iliyoondolewa, tengenezeni kwanza nakala na kuiweka katika KAZI, na mfanyie kazi nakala hiyo. Zipo sababu mbili. Kwanza, kila picha ya aina ya jpg inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya hupoteza kidogo ubora wake. Pili, na hii ndiyo kubwa, mwajiri akisema picha imechezewa, mtafungua folda ya ASILI na kuionyesha nzima.

5. DAFTARI LA PICHA

Jina la faili haliwezi kubeba kila kitu. Kwa hiyo tawi liwe na daftari la picha. Laweza kuwa daftari la kawaida la karatasi lenye mistari, na kwa matawi ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hilo ndilo bora. Kila picha ya ushahidi iandikwe mstari mmoja, wenye mambo haya:

– jina jipya la faili;
– jina la awali lililotolewa na simu au kamera;
– siku na saa ya kupiga;
– mahali hasa, kwa mfano "mstari wa pili, mashine ya 3, upande wa mlango";
– kinachoonekana;
– nani aliyepiga, na nani mwingine aliyekuwapo;
– siku picha ilipoingizwa katika kompyuta, na aliyeiingiza.

Iandikwe siku ile ile. Kumbukumbu ya mtu baada ya wiki mbili si ile ya jioni ya siku ya tukio.

Tuchukue mfano wa mizani. Wachumaji wanalalamika kwamba uzito unapunguzwa. Picha moja ya mizani haithibitishi neno. Pigeni picha nne kwa mfuatano: mizani mitupu ikionyesha inasimama wapi, mizani yenye kikapu kitupu, mizani yenye kikapu na majani, na ukurasa wa karani ulioandikwa uzito uliolipiwa. Zipeni namba 01 hadi 04 katika jina moja. Sasa mtu yeyote atafanya hesabu mwenyewe. Fanyeni hivyo siku kadhaa, mziandike katika daftari, na baada ya mwezi tawi litakuwa na hoja ya kupeleka mezani, wala si malalamiko tu. Picha nne zenye mfuatano zina nguvu kuliko picha arobaini zilizotupwa ovyo.

6. NAKALA TATU

Kompyuta huharibika, huibwa, na huunguzwa na umeme unaporudi kwa nguvu. Flashi hupotea, tena huleta virusi inapochomekwa katika kompyuta za watu wengi. Kwa hiyo picha iliyo mahali pamoja tu ihesabiwe kwamba iko njiani kupotea.

Ipo kanuni nyepesi ambayo mpiga picha Peter Krogh wa Marekani aliieneza, nayo ni tatu, mbili, moja. Nakala ziwe tatu. Ziwe katika vyombo vya aina mbili tofauti. Na moja ikae mbali na nyingine. Kwa tawi letu maana yake ni hii: nakala moja katika kompyuta ya tawi, nakala ya pili katika diski ya nje, ambayo haitumiki kwa kazi nyingine yoyote, wala miziki wala sinema, nakala ya tatu katika ofisi ya wilaya au makao makuu ya chama, au katika hifadhi ya intaneti inayofunguliwa kwa neno la siri. Diski ikikaa katika droo iliyo chini ya kompyuta ile ile, moto mmoja au mwizi mmoja atachukua vyote.

Chagueni siku maalumu ya kunakili, kwa mfano kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Na mara moja kwa miezi mitatu fungueni ile nakala mtazame kama picha zinaonekana kweli. Nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ni nzima.

7. SIRI NA HESHIMA YA MWENZETU

Jambo hili tunalisisitiza. Picha ya mtu aliyeumia ni ya mwili wake na ya heshima yake. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, utu ungetuambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo: kwanza, aliyeumia aombwe ridhaa yake, na ridhaa hiyo iandikwe katika daftari. Kama hawezi kusema, aulizwe mkewe, mumewe au nduguye wa karibu. Pili, jina lake lisiandikwe katika jina la faili. Andikeni "kesi-07", na jina lenyewe likae katika daftari. Tatu, picha za majeraha zisitumwe katika makundi ya simu. Zikiingia huko hazirudi. Nne, jina la aliyepiga picha ni siri vilevile. Wapo wenzetu wanaoweza kuonewa kazini wakijulikana kwamba ndio waliopiga. Daftari lifungiwe kabatini, na ufunguo uwe kwa watu wawili waliochaguliwa na kamati.

Tukumbushe pia kwamba hakuna picha inayostahili kidole cha mtu. Msisogelee mashine inayozunguka, wala kuingia penye dawa, kwa sababu ya kupiga picha. Na kama kanuni za kazi zinakataza simu ndani ya kiwanda, mwakilishi aulize kwanza ofisi ya chama, ili mwajiri asipewe kisa cha kumwachisha mtu kazi.

8. VIPI RUNDO LA ZAMANI?

Matawi mengi yatauliza: tufanyeje na zile elfu mbili tulizo nazo? Msianze nazo. Anzeni na picha za leo, ili rundo lisizidi kukua. Zile za zamani ziwekeni zote katika folda moja iitwayo YA-ZAMANI, na mtengeneze nakala yake kabla ya kugusa kitu. Kisha tafuteni kwanza picha za kesi zilizo hai, yaani zile zinazosubiri fidia au mazungumzo. Hizo zipewe majina wakati walioziona mambo hayo bado wapo kazini na wanakumbuka. Zilizobaki zifanyiwe kazi kidogo kidogo, labda picha ishirini kila kikao cha kamati. Msifute kitu kwa haraka. Picha mbaya yenye ukungu yaweza kuwa ndiyo pekee ya siku hiyo.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KIKAO KIJACHO

1. Kamati ichague watu wawili wa kutunza picha. Mmoja akiugua au akihamishwa, kazi isisimame. Inafaa mmoja atoke kiwandani na mwingine shambani.

2. Andikeni orodha ya maneno ya mahali na ya mambo yatakayotumika katika majina. Isipite ukurasa mmoja.

3. Chukueni picha kumi zilizo katika simu za wanachama, mzipe majina kwa namna tuliyoeleza, mziandike katika daftari.

4. Mwiteni mwanachama ambaye hakuwapo, mmsomee majina hayo kumi bila kumwonyesha picha. Akiweza kueleza kila picha ni ya lini, ya wapi na ya jambo gani, kazi imefanyika. Asipoweza, jina lirekebishwe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika tawi lenu ipo picha iliyotakiwa na haikuonekana? Ilikwama wapi: katika simu, katika kompyuta, au katika kumbukumbu ya mtu?

2. Mwanachama amepiga picha ya ajali na amekwisha kuituma katika kundi la wafanyakazi. Tawi lifanye nini ili kupata faili la asili, na limweleze nini mwanachama huyo?

3. Katika mazungumzo ya Afisa Kazi, Katibu na Meneja tuliyoyatoa juu, ni mambo gani matatu ambayo daftari la picha lingeyajibu?

4. Ni nani katika tawi lenu anayestahili kushika ufunguo wa kabati la daftari, na kwa nini?

Majibu na maswali yenu yajadiliwe katika kikao cha tawi, na mapendekezo yapelekwe kwa katibu wa wilaya. Matawi ambayo hayana kompyuta yasingoje mpaka yapate. Yaanze na daftari na saa sahihi katika simu, kwa maana hiyo ndiyo nusu ya kazi.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.